FM itazimwa kama zile TV za mgongo? Tuongee redio ya dijiti, Kisumu hadi Nakuru

NyarKisumo (Kisumu)

Wadau hamjambo. Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu eti FM itazimwa na kila nyumba itabidi inunue redio mpya, vile tulivyonunua ving'amuzi 2015. Nauza simu na vikorokoro vyake hapa mjini, na siku hizi wateja wananiuliza hilo swali kana kwamba mimi ndiye waziri. Mama mkwe naye amepiga kutoka Seme akitaka kujua kama aendelee kununua mawe (betri) ya redio ama aache.

Najua Ulaya kuna kitu kinaitwa DAB. Najua pia vijana wanasikiliza redio kwa simu. Mwenye kuelewa atufafanulie: hii redio ya dijiti ni gani, imeshika wapi, na huku tuko wapi? Siasa pelekeni uzi mwingine tafadhali.

FundiSection58 (Nakuru)

Dada, huo ujumbe ufute. TV ilizimwa kwa sababu nchi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba televisheni ya analogi haitalindwa tena dhidi ya mwingiliano baada ya tarehe 17 Juni 2015. Makubaliano yale yalihusu bendi za TV, 174 hadi 230 MHz na 470 hadi 862. FM iko chini ya hapo, 87.5 hadi 108, na ina mpango wake wa Geneva wa mwaka 1984, usio na tarehe ya kuzimwa. Yaani hakuna mkataba wa nje unaotusukuma. Nchi ikizima FM, imeamua yenyewe.

Sasa DAB. Kwenye FM kila kituo kina masafa yake na mara nyingi mlingoti wake. Kwenye DAB vituo vingi vinafinywa na kupakiwa pamoja kwenye mkondo mmoja, ndio unaitwa multipleksi, wenye upana wa 1.536 MHz. Ukitumia DAB+, ambayo ndiyo toleo jipya lenye mfinyo bora wa sauti, mkondo huo unabeba vituo kama 18 vya kilobiti 64 kila kimoja. Bendi nzima ya FM ni MHz 20.5, na vituo vya mji mmoja lazima viachiane nafasi visiingiliane. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano inalia kila mara kwamba masafa ya FM miji mikubwa yamejaa. Ukitaka leseni mpya leo Nairobi, utangoja mtu afunge kituo.

Walioanza ni Norway, Juni 1995, na BBC ikafuata Septemba mwaka huo huo. Norway wakazima FM ya vituo vya kitaifa mwaka 2017, mkoa baada ya mkoa, kuanzia Januari hadi Desemba. Lakini tazama hali yao: milima na ghuba kila mahali, watu milioni tano na kitu, FM yao ilikuwa na nafasi ya vituo vitano tu vya kitaifa, na kuirusha kote kulikuwa ghali. DAB iliwapa zaidi ya ishirini. Hata hivyo vituo vidogo vya mitaani waliviacha FM.

Afrika, Kusini ndio walijaribu kwa uzito, DAB+ kule Johannesburg na Pretoria kuanzia mwishoni mwa 2014. Hawajazima chochote.

KijanaKondele (Kisumu)

Na sisi tunajadili milingoti mwaka huu? Dijiti ilishafika kitambo, iko mfukoni. Mimi redio nasikiliza kwa simu, kipindi cha asubuhi nakisikiliza jioni nikitoka job, mtangazaji akianza kuboa naruka mbele. FM itafanya hivyo lini? FM ni ya watu wa umri wa fundi.

FundiSection58 (Nakuru)

Umri wangu umeujuaje? Endelea tu.

MkenyaLeeds (Uingereza)

Niwape picha ya huku. Nilipofika nilidhani DAB ndiyo kila kitu, kumbe hapana. Usikilizaji wa dijiti Uingereza ulivuka nusu mwanzoni mwa 2018, asilimia 50.9. Lakini hiyo namba inajumlisha DAB, intaneti na hata redio kupitia TV. Na imechukua zaidi ya miaka ishirini tangu BBC waanze. Serikali imesema FM iendelee hadi 2030 kwa uchache.

Kilichosukuma sana ni magari. Gari jipya huku linakuja na DAB, na Umoja wa Ulaya umelazimisha kila gari jipya liwe na redio ya dijiti tangu Desemba 2020. Watu wengi hawakuchagua DAB, waliikuta kwenye dashibodi.

Sauti yake? Ikishika, safi, hakuna mkwaruzo. Ila haina katikati. FM ikidhoofika inachuja polepole, unaongeza sauti na unaendelea kuelewa. DAB ikidhoofika inaanza kutokota kama uji, kisha kimya kabisa. Ukiwa kijijini bondeni ndio utajua.

Uswisi nao shirika lao la umma lilizima FM mwisho wa 2024 kabla ya wenzao wa binafsi, na likapoteza wasikilizaji waliobaki kwenye FM. Kwa hiyo hata matajiri hawajapata dawa.

DerevaNjoro (Njoro, Nakuru)

Hapo kwa magari umenigusa. Hizi gari zetu tunatoa Japani. FM ya Japani inaanzia 76 na redio nyingi zinaishia 90. Gari likitoka Mombasa linashika vituo viwili vitatu, mengine hewa. Unapeleka kwa fundi anakuwekea ekspanda, kale kaboksi kadogo nyuma ya redio kanakoshusha masafa. Kituo cha 98 unakipata kwa 88 ama 78, kulingana na ekspanda. Nina abiria mzee kila siku anabishana na mimi kwamba nimeweka kituo siyo, kwa sababu namba anayoona si ile inayotangazwa.

Sasa hiyo DAB itaingia wapi hapa?

FundiSection58 (Nakuru)

Haiingii, na hapo ndipo hesabu yote ya Ulaya inatuvunjikia. Japani hawatumii DAB. Walichofanya wao mwaka 2014 ni kupanua FM yao hadi 95. Na sisi sheria yetu inaruhusu gari la hadi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kisha likifika tunalitumia mpaka bodi ioze. Hata Japani wakigeuka kesho asubuhi, gari la kwanza lenye DAB tutaliona miaka kadhaa mbele, na yale ya sasa bado yatakuwa barabarani. Huku redio ya gari na ya matatu ndiyo inashikilia asubuhi na jioni za watangazaji. Ukiikosa hiyo, utamuuzia nani matangazo?

Ngoja nikupe na sifa ya DAB ili nisionekane naipiga vita. Dereva, wewe ukitoka Nakuru, ukapita Mau Summit, Kericho, ukashuka Ahero, kituo kimoja unakitafuta mara ngapi?

DerevaNjoro (Njoro, Nakuru)

Hata sihesabu. Kila mteremko nabonyeza. Kuna mahali baada ya Londiani najua kabisa nizime niweke flashi.

FundiSection58 (Nakuru)

Kwa FM milingoti jirani haiwezi kutumia masafa mamoja, itaumizana. Ndiyo maana Citizen ya Nakuru si namba moja na ya Kisumu. Redio za Ulaya zinajua kuhama zenyewe, kuna ishara fiche inayoziongoza, lakini redio za Japani hazina hicho kitu. DAB imeundwa ili milingoti yote irushe masafa yale yale na mawimbi yasaidiane badala ya kugombana. Ungetoka Nakuru mpaka Busia bila kugusa kitufe, mradi milingoti iwepo njiani. Hilo ni zuri, sikatai.

MzeeWaSautiYaKenya (Kakamega)

Wanangu, mnaongea kama redio ilianza juzi. Sisi tulisikiliza Sauti ya Kenya kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, kwa masafa ya kati, redio moja kwa boma tatu. Mawe yalikuwa makubwa, sita. Yakiisha tuliyaanika juani juu ya mabati, yakapata nguvu ya kufika taarifa ya habari ya usiku, basi. Kifuniko cha nyuma kilipovunjika, baba aliyapanga mawe kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa mfereji, akafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na waya mbili zikaingia ndani ya redio. Ilikaa hivyo miaka.

Ninauliza: hiyo redio ya dijiti inakula mawe kiasi gani? Maana kiwanda cha mawe kilichokuwa Nakuru, Eveready, kilifungwa 2014, na mawe ya siku hizi ni ya kutoka nje na hayana siha.

FundiSection58 (Nakuru)

Mzee shikamoo. Inakula zaidi. Redio ya FM inafanya kazi ndogo sana, karibu kila nguvu inaenda kwa spika. Ya DAB ina kompyuta ndani inayofumbua mkondo mzima muda wote. Wameiboresha, lakini bado FM inaishinda kwa mawe yale yale. Wenye sola kama zile za M-KOPA hawatasikia sana. Anayetegemea mawe mawili ya duka la kijijini atasikia.

HesabuMMUST (Kakamega)

Nirudi kwa KijanaKondele, kwa sababu amesema kitu cha kweli na akaruka bei.

Mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde unakula megabaiti 28.8 kwa saa. Fanya mama wa Seme anayewasha redio asubuhi na kuizima jioni, tuseme jumla ya masaa manane. Hiyo ni megabaiti 230 kwa siku, karibu gigabaiti 7 kwa mwezi. Redio pekee, kabla hajafungua WhatsApp. Kituo kikirusha kilobiti 128 zidisha mara mbili. Angalia bei ya bando lako uniambie nani kijijini atalipa hiyo ili asikie bei ya mahindi na taarifa ya saa saba.

Kwenye FM mwenye kituo analipia umeme wa mtambo, na msikilizaji wa kwanza na wa laki moja wanamgharimu sawa. Msikilizaji halipi hata ndururu. Mtandaoni ni kinyume: kila anayeongezeka anaongeza gharama ya seva kwa kituo, na yeye mwenyewe analipa bando. Mnasema redio ya dijiti kama kitu kimoja, lakini DAB na intaneti zinatofautiana hapo hapo penye pesa. DAB ni ya hewani, ukishanunua kifaa husikii gharama tena. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 56.9 ya nyumba Kenya zina redio ya kujitegemea, na zenye intaneti ni asilimia 17.9. Namba ya intaneti imepanda tangu hapo, sawa, lakini kupanda kwa nani? Kwa mwenye simu janja, mjini.

KijanaKondele (Kisumu)

Omera umenikalia na kikokotoo. Mimi hosteli kuna waifai. Lakini sikubali kwamba ni mjini tu. Kass FM inasikilizwa na Wakenya wako Marekani huko, kupitia intaneti, na wanapiga simu kipindini. Mlingoti gani ungefika huko?

NyarKisumo (Kisumu)

Wote wawili mko sawa na ninaona kwenye duka. Anayenunua kabambe swali la kwanza ni "ina redio?" na la pili ni tochi. Anayenunua simu janja haulizi, halafu anarudi baada ya wiki: "Dada mbona hii haina FM?" Nyingi hazina siku hizi, au redio imo kwenye chipu lakini hawakuifungua. Na zile zisizo na tundu la waya wa masikioni ndio hasara kabisa, maana ule waya ndio antena.

Kuna kitu kingine hamjakitaja. Mama mkwe redio kwake si muziki. Ni matangazo ya vifo. Akisikia wimbo wa kuanzia matangazo kwa Mayienga au Ramogi, jembe linawekwa chini, watoto wananyamazishwa. Jina, ukoo, alikoolewa, mwili utatoka mochari gani, mazishi lini. Akikosa tangazo moja anaweza kukosa matanga ya binamu, na hiyo kwetu si jambo dogo. Huyo ukimwambia apakue programu, utapakua wewe na utalipa bando wewe.

MwanasalamuKimilili (Bungoma)

Na salamu! Huku kuna vilabu vya wanasalamu vyenye mwenyekiti na mweka hazina. Zamani kadi, sasa ni ujumbe wa simu. Lakini salamu lazima zipite hewani, watu wote wasikie kwa wakati mmoja, ama si salamu. Kuzisikiliza kesho kwa marudio ni sawa na kuhudhuria harusi kwa video.

Halafu mpira. Jirani yangu anasikiliza mtandaoni, mimi FM. Nashangilia goli, yeye bado anasikia kona. Amenikataza kupiga kelele, ati namharibia mkeka.

DerevaNjoro (Njoro, Nakuru)

😂😂 Nusu dakika nzima anakaa na matumaini ya bure.

MtangazajiNzoia (Busia)

Niliwahi kufanya kazi kwenye redio ya jamii, sitataja ipi. Hofu yangu si kifaa cha msikilizaji, ni funguo za lango.

Leo kituo kidogo kina leseni, masafa, mlingoti mfupi na mtambo wake. Umeme ukipotea unawasha jenereta, unaendelea. Siku utakapoingia kwenye multipleksi, kuna mtu katikati. Yeye ana mlingoti, yeye anapakia vituo, yeye unamlipa kila mwezi. TV ndogo zinajua habari hiyo tangu kuhama analogi. Ilipofika Februari 2015 hata NTV, KTN na Citizen zilitoweka kwa wiki kadhaa katika vita vya nani arushe mawimbi ya nani. Ikiwa wakubwa vile walizimika, kituo chenye watangazaji wa kujitolea kitasimama na nini?

Mfikirie Budalang'i. Nzoia ikivunja kingo, watu wanategemea redio ya jamii kama Bulala FM kuambiwa wahamie wapi, kwa lugha yao, saa ile ile. Hiyo redio haitakiwi iwe na deni kwa mwenye multipleksi wa Nairobi.

MkenyaLeeds (Uingereza)

Hapo Uingereza walipata njia. Mwaka 2012 mhandisi wa Ofcom (mamlaka ya mawasiliano ya huku), Rashid Mustapha, alijaribu Brighton kurusha multipleksi ndogo kwa kompyuta ya kawaida na programu huria zisizo na malipo, badala ya mitambo ya bei ya nyumba. Ofcom wakafanya majaribio miji kumi kuanzia 2015, kisha wakatoa leseni za multipleksi ndogo za mitaa. Vituo vya jamii vinakaa humo kwa bei wanayoiweza, na sheria inawatengea nafasi. Si lazima lango liwe moja.

MtangazajiNzoia (Busia)

Hiyo ningeiunga mkono kesho. Kaunti moja, multipleksi moja ndogo, vituo vya jamii, chuo kikuu, na nafasi moja ya dharura.

FundiSection58 (Nakuru)

Na kuna DRM pia, mfumo mwingine wa redio ya dijiti, ambayo India wameifunga kwenye mitambo yao ya masafa ya kati, na magari mengi mapya huko yanakuja nayo. Mlingoti mmoja unafunika eneo kubwa mno. Kwa Turkana na Marsabit ningeiangalia kabla ya DAB. Lakini tena, kifaa kiko wapi? Ukizunguka Kibuye au huku soko la Nakuru utapata redio za flashi, za sola, za tochi, zenye spika tatu za kuwaka taa. Zote FM. Hakuna muuzaji ataleta kontena la DAB bila kituo, na hakuna kituo kitarusha DAB bila redio. Norway walivunja huo mzunguko kwa pesa ya umma na tarehe ya lazima. Sisi tarehe ya lazima tuliionja 2015.

Msimamo wangu ni huu: FM ibaki kama ilivyo kwa kila mtu, na DAB+ ijaribiwe Nairobi, Nakuru na Kisumu pale masafa yamejaa, iwe nyongeza. Kituo kilichonyimwa FM kipate pa kuingia. Kusikiliza kwa simu kutajiendea kwenyewe, hakuhitaji kusukumwa. Kinachohitaji kusukumwa ni bei: kampuni za simu zikiweza kutoa bando maalumu za mitandao ya kijamii, haziwezi kuachilia redio za umma na za jamii zisikate bando? Hilo litamfikia mtu wa Seme kabla ya multipleksi yoyote.

HesabuMMUST (Kakamega)

Kwa hilo nakuunga, ila wakiachilia chache wataua zingine. Kituo kisicho kwenye orodha ya bure kitakuwa kimekufa mtandaoni. Tutarudi kwa lango la MtangazajiNzoia.

FundiSection58 (Nakuru)

Basi ziwe zote zenye leseni. Orodha Mamlaka inayo.

KijanaKondele (Kisumu)

Swali la mwisho, si la mjadala. Binamu yangu Birmingham anataka kunitumia redio ya DAB kama zawadi. Nikubali?

MkenyaLeeds (Uingereza)

Mwambie aangalie kama ina FM na waifai. Nyingi za huku zina FM. Kama ni DAB peke yake, ikifika Kondele itatafuta vituo mpaka uizime mwenyewe.

DerevaNjoro (Njoro, Nakuru)

Fundi, na mimi kabla uzi haujafungwa: ekspanda yangu imeanza kuingiza vituo viwili pamoja, wa Kikuyu na wa Kalenjin wanaongea kwa zamu. Ni ekspanda ama ni antena?

FundiSection58 (Nakuru)

Mawimbi yakiwa na nguvu kupita kiasi karibu na mlingoti, ekspanda rahisi inalemewa. Inatokea mjini tu ama hata ukiwa Njoro?

DerevaNjoro (Njoro, Nakuru)

Mjini tu, kuanzia pale stendi.

FundiSection58 (Nakuru)

Basi si antena. Lete nikubadilishie uweke ile ya kushusha 20 badala ya 10. Na uje asubuhi, mchana dashibodi za Probox zinachoma mikono.